Mama, baba na papa ni wamoja midomoni: dhana potofu kuhusu kumfunza mtoto asiyesikia vizuri kusikiliza na kusoma midomo

"Akijua kusoma midomo, inatosha."

Simama mbele ya kioo useme bila sauti: mama, baba, papa. Midomo imefanya jambo lilelile mara tatu. F na v nazo ni pacha, na k, g na h hutokea nyuma ya kinywa au kooni, hazionekani. Kwa Kiswahili hatari kubwa iko kwenye ukanushi. "Atakuja" na "hatakuja" midomoni hazitofautiki, na ile h ni hafifu hata sikioni. Anayesoma midomo hujaza mapengo kwa kukisia, kwa hiyo mpe cha kukisia nacho: taja mada kwanza, na ukikanusha ongeza neno, "hapana, hatakuja leo". Asipoelewa, usirudie sentensi ileile mara ya tatu. Iseme kwa maneno mengine.

Kaeni umbali wa mita 1 hadi 2, uso wako usawa na wake. Mwanga uangukie uso wako. Dirisha likiwa nyuma yako, anachoona ni kivuli.

"Ameitika, basi amesikia."

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika, na si kosa lao. Mtoto huona kivuli kikipita, huhisi sakafu ikitikisika, hugeuka, nasi tunafurahi. Ili ujue sikio linafanya nini, tumia kila asubuhi jaribio la sauti sita la Daniel Ling, mtaalamu wa kuwafunza watoto wasiosikia vizuri: m, u, a, i, sh, s. Zimepangwa kuanzia nzito hadi nyembamba, zikigusa upana wote wa sauti za usemi.

Kaa kando yake au nyuma kidogo, mita 1 hivi. Usizibe mdomo kwa kiganja: kiganja hupunguza hasa sauti nyembamba, ndizo unazotaka kupima. Mpe vifuniko vya chupa na kopo. Kila akisikia, adondoshe kimoja. Changanya mpangilio kila siku, na urefu wa kimya kati ya sauti nao ubadilike, la sivyo atashika mdundo wako na kudondosha kwa mazoea. Kisha rudi nyuma hadi mita 3, urudie, uandike alichokosa.

Akikosa s peke yake kwa mita 3, huenda umbali ndio umeimeza. Akichanganya i na u unapomwambia azirudie, yaelekea anapata sehemu nzito ya i tu, kwani hapo zinafanana. Akikosa sauti aliyoisikia jana, anza na betri, nta na mrija wa shime sikio, kile kifaa cha kukuza sauti anachovaa sikioni. Vikiwa sawa, mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu, maana huenda sikio limejaa maji.

"Shime sikio likipiga mluzi, punguza sauti."

Mluzi hutokea sauti iliyokuzwa inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni. Kwa mtoto mdogo sababu ya kawaida ni sikio kukua, na kile kipande kilichochongwa kwa umbo la sikio lake hakikazi tena. Ukipunguza sauti, umenyamazisha mluzi pamoja na konsonanti ulizokuwa ukimfundisha. Kichongwe kipya. Na shime sikio alivae saa zote akiwa macho. Ubongo haujifunzi kusikia kwa nusu saa ya somo.

"Sema kwa nguvu atasikia."

Kelele hukuza irabu zaidi ya konsonanti na kupindisha midomo. Sogea: ukipunguza umbali kwa nusu, mahali pasipo mwangwi mwingi, sauti huongezeka kama desibeli 6.

"Lugha ya alama itamfanya asiseme."

Hapana. Lugha anayoipata mapema, kwa mkono au kwa sauti, humjengea akili ya lugha.

"Mazoezi ni kurudia maneno."

Kuna ngazi nne: kugundua kuwa kuna sauti, kutofautisha, kutambua, kuelewa. Kwenye kutambua, weka vitu mezani uanze na maneno ya urefu tofauti: jua, kiatu, baiskeli. Akipatia karibu kila mara bila kukutazama, nenda kwenye yaliyo sawa kwa urefu lakini irabu mbalimbali: kuku, paka, kiti. Jozi kama pango na bango, zinazotengwa na konsonanti moja, ni za mwisho kabisa. Wengi huanzia hapo, mtoto akashindwa, wakahitimisha kwamba hasikii. Akikwama, mwonyeshe uso wako aone neno, kisha mrudishie neno hilohilo kwa sikio pekee.