Ubaroneti wa Mackinnon: maana ya cheo kufa

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, ukishapita Mariakani na Samburu unafika Mackinnon Road. Wasafiri wengi huteremka hapo kuswali, kwenye msikiti ulio kando kabisa ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali. Jina la mji ni la Mskoti, Sir William Mackinnon, na hiyo “Sir” yake ina habari ndefu.

Waingereza wana “Sir” za aina mbili. Moja mtu hutunukiwa, na akifa inaisha naye. Nyingine ni ya baroneti: baba akifa, mwanawe wa kiume wa kwanza anaichukua, naye humwachia wake. Cheo hiki kiko chini ya baroni, ngazi ya mwisho ya malodi, wala hakimpi mtu kiti katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza. Mfalme James wa Kwanza alikianzisha mwaka 1611 kwa sababu ya pesa: aliyekitaka alitoa pauni 1,095, yaani mshahara wa askari 30 kwa miaka mitatu, kugharimia jeshi la Ulster, kaskazini mwa Ireland.

Kwa kawaida hati ya cheo huwataja wazao wa kiume, wa ndoa, wa yule aliyepewa kwanza. Binti hahesabiwi. Hata kaka wa tumbo moja hahesabiwi, wala mtoto wa kaka, isipokuwa hati imewataja. Wazao hao wakiisha, cheo kimekufa, bila kesi wala mtu kukivua. Tusikichanganye na cheo kilicholala, ambacho mrithi wake huenda yupo ila hajathibitisha ukoo.

Mackinnon alizaliwa Campbeltown mwaka 1823. Alifanya kazi dukani, akaenda India, akajenga kampuni ya meli iliyoleta barua Zanzibar kuanzia 1872. Mwaka 1888 Malkia Victoria aliipa kampuni yake nyingine, Imperial British East Africa, hati ya kutawala huku kwetu. Ubaroneti ukafuata 1889. Alikuwa na miaka 66 na hakujaliwa mtoto, kwa hiyo siku anakipokea cheo hakikuwa na wa kukirithi. Alifia London Juni 1893. Baroneti wa kwanza akawa ndiye wa mwisho, baada ya miaka minne tu.

Jina lake lilibaki njiani, kwa ile barabara ya mikokoteni ya ng'ombe iliyokatwa kuelekea Kibwezi. Kampuni nayo iliikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1895.