AC sio ya kupooza tu jamani

Kila ikifika mwezi wa 6 hapa Dodoma upepo unaanza kukata na usiku joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi, na kila mwaka nasikia ile ile, kwamba mji wa baridi kama huu kufunga AC ni kutupa hela, bora hita ya waya. Hii kauli imekaa miaka mingi na naomba tuiangalie taratibu.

AC zenye uwezo wa kupasha hazichomi waya ili zitoe joto. Zinageuza njia ya gesi inayozunguka ndani yake, ile joto ya nje (hata hewa ya baridi ina joto ndani yake) inavutwa inaletwa chumbani. Ndo maana uniti 1 ya umeme inaweza kukupa joto la kama uniti 3, wakati hita ya waya uniti 1 ni 1, basi. Chukua hita ya wati 2,000, washa masaa 3, LUKU imekula uniti 6, kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti hapo ni 2,100. AC joto hilo hilo inatumia kama uniti 2. Norwe kwenye theluji watu wengi wanapasha nyumba hivi hivi.

Ila angalia rimoti kabla hujalipa, kama haina alama ya jua mara nyingi hiyo inapooza tu, na zipo nyingi sana madukani. Gharama ya ufundi haibadiliki, iwe AC ya kupooza tu au ya kupasha pia, ni bomba la kopa, bracketi, na waya wake wenyewe toka kwenye swichi kuu.