Mtelezo wa mota: kwa nini mashine ya kusaga hukwama ghafla

Tazama kibati cha mota ya fezi tatu inayoendesha mashine ya kusaga. Mara nyingi utakuta 50 Hz na mizunguko 1440 kwa dakika. Uga wa sumaku ndani ya mota hiyo huzunguka mara 1500. Mizunguko 60 ambayo rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imebaki nyuma, yaani asilimia 4, ndiyo mtelezo, na bila huo mota haisukumi kitu: rota ikienda sawa na uga, fito zake za metali hazizalishi umeme.

Mahindi yakiongezeka, rota hupunguza mwendo kidogo, mtelezo hukua na nguvu ya kuzungusha hupanda karibu kwa kiwango kilekile. Mota hujirekebisha yenyewe. Lakini kupanda huko kuna kilele, kwa mota nyingi mara 2 hadi 3 ya nguvu ya kawaida. Ukivuka hapo, kila mzunguko unaopotea hupunguza nguvu badala ya kuiongeza, huku ampea zikizidi kupanda. Ndiyo maana mashine haichoki polepole. Husimama ghafla na kuunguruma.

Volti ndizo huwaponza wengi. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti. Mota ya volti 400 ikipata 320, hubaki na asilimia 64 tu ya nguvu yake, kwa hiyo kilele cha mara 2 hushuka hadi 1.28. Pima kwenye vituo vya mota, pale waya zinapofungwa, mashine ikiwa inasaga, si kwenye mita ikiwa imetulia, kwa sababu waya mwembamba na mrefu hula volti pale tu mzigo unapokuwepo.

Kwa anayewasha kwa sta-delta, yaani kwa hatua mbili za kuunga koili, sta kwanza kisha delta, kwenye sta nguvu ni theluthi moja tu ya ile ya delta. Funga mlango wa nafaka kwanza, subiri mwendo ukaribie kamili, ndipo uingie delta.

Mota ikikwama, zima papo hapo. Mkondo wake hufika mara 5 hadi 7 ya ule wa kibati, na kwa mara 6 joto linalozalishwa kwenye koili ni mara 36; vanishi inayokinga waya huungua kwa muda mfupi sana. Ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, ikikata, tafadhali usiipandishe kiwango cha ampea. Pima mwendo kwa takometa. Ukipata 1410 badala ya 1440 na ampea zimezidi za kibati, angalia mzigo na volti. Ampea zikiyumba juu na chini huku mzigo ni uleule, shuku fito za rota zilizovunjika.