Je, wajua Tahtawi aliwaelezaje Waarabu usawa wa Wafaransa?

Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka vijana Paris wakasome elimu za Ulaya, akawatafutia na imamu wa kuwasalisha. Imamu huyo, Rifaa al-Tahtawi, alikuwa ametoka Azhar, chuo kikongwe cha Kiislamu cha Cairo. Kusoma Kifaransa hakukuwa kazi yake hasa, lakini alirudi nyumbani mwaka 1831 akiwa mfasiri.

Kitabu chake cha safari kilipigwa chapa Bulaq, Cairo, mwaka 1834. Ndani yake aliifasiri katiba ya Ufaransa ya mwaka 1814, kisha akawafafanulia wasomaji. Hapo ndipo penye kazi. Enzi hizo msomaji wa Kiarabu akiambiwa fulani ni hurri (yaani huru), anachoelewa kwanza ni kwamba si mtumwa. Sasa Wafaransa wanalilia uhuru gani, na wengi wao hawajawahi kutiwa utumwani?

Tahtawi akajibu kwamba wanachokiita uhuru ndicho sisi tunachokiita uadilifu na insafu: watu wawe sawa mbele ya hukumu, na mtawala asimdhulumu mtu. Kwa nini uadilifu? Kwa sababu ndio mizani ambayo watu wa Misri walikuwa wakimpimia mtawala tangu zamani. Masheikh waliweza kumkumbusha sultani uadilifu bila kuonekana wamezua jambo geni.

Pazuri zaidi, kwangu mimi, ni kwenye kodi. Ibara ya pili ya katiba ile ilimtaka kila Mfaransa achangie gharama za dola kwa kadiri ya mali yake, awe mkubwa au mdogo. Kabla ya mapinduzi ya 1789, makabaila na makasisi walikuwa na misamaha chungu nzima. Tahtawi aliandika kwamba kodi zingepangwa hivyo katika nchi za Kiislamu, nyoyo zingeridhika, hasa pale ambapo zaka na ngawira hazilitoshi baitulmali, yaani hazina ya dola. Akaongeza kuwa huenda jambo hilo lina msingi katika baadhi ya kauli za madhehebu ya Hanafi. Hakusema kodi ni zaka. Zaka ina mafungu yake manane ya wanaostahili kupewa, na ujenzi wa barabara si lengo lake. Aliviweka viwili hivyo karibu karibu tu, msomaji akajionea mwenyewe. Na tusisahau kwamba wakati huo huo fellahi, yaani mkulima, wa Misri alilazimika kuiuzia serikali pamba yake kwa bei iliyopangwa na serikali hiyo hiyo, na kijiji kizima kilibebeshwa deni la kodi la wakazi wake. Na maneno hayo ya Tahtawi yalichapwa Bulaq, kwenye mtambo wa Muhammad Ali mwenyewe!

Kuna kilichopotea njiani, lakini. Uadilifu ni sifa ya mtawala, na mtawala mbaya anaweza kukunyima; Wafaransa walidai haki ambayo ni yao hata mfalme akikataa. Tahtawi alilijua hilo, maana Julai 1830 alikuwa Paris watu walipomng'oa mfalme Charles wa Kumi, na habari hizo akazieleza kirefu kitabuni humo humo.

Baadaye aliongoza Shule ya Lugha ya Cairo, iliyoanzishwa mwaka 1835, na wanafunzi wake wakafasiri vitabu vingi. Abbas, aliyekuja kuitawala Misri baadaye, akampeleka Khartoum mwaka 1850. Huko akafasiri hadithi ya Télémaque ya mwandishi Mfaransa Fénelon, iliyojaa mawaidha kwa wafalme wanaoonea raia. Ilichapishwa Beirut mwaka 1867.