Mzigo wa Uthibitisho katika Mjadala wa Imani

Mzigo wa uthibitisho ni wajibu wa mwenye kutoa dai kuleta ushahidi kabla ya kutaka wengine walikubali. Wanasheria wanaufahamu vyema: kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamtaka anayeomba hukumu kwa msingi wa mambo anayoyadai athibitishe kuwa mambo hayo yapo, na mafakihi wa Kiislamu nao husema kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana.

Katika mjadala wa imani hutajwa sana mfano wa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, aliyeandika mwaka 1952 kwamba mtu akidai kuna buli la chai linalolizunguka Jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini yoyote, hawezi kutaka aaminiwe kwa sababu tu hakuna awezaye kumkanusha. Wakana Mungu wengi huukimbilia mfano huo wakidhani umewatua mzigo wote. La hasha. Anayesema kwamba hajashawishika bado hajadai lolote kuhusu ulimwengu, lakini anayetamka kuwa Mungu hayupo amedai, naye anadaiwa hoja. Russell mwenyewe aliujua mpaka huo, kwani katika mdahalo wa redio ya BBC mwaka 1948, padre Mjesuiti Frederick Copleston alipomuuliza kama kutokuwapo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa, alijibu kuwa yeye hasemi hivyo.

Swali jingine, ambalo wabishani hulichanganya na hilo la nani abebe mzigo, ni la kiwango: ushahidi wa uzito gani unatosha? Mwanafalsafa Mskoti David Hume alishikilia mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza hautoshi mpaka uongo wa ushuhuda huo uwe muujiza mkubwa kuliko tukio linalosimuliwa. Baadhi ya waumini hujibu, na nadhani jibu lao lina uzito, kwamba kipimo hicho kinachukulia tangu mwanzo kuwa kanuni za maumbile hazivunjwi, ilhali hilo ndilo linalobishaniwa. Hata hivyo, mwumini anayeukataa muujiza wa dini ya jirani kwa kukosa mashahidi wa kutegemewa, kisha akaupokea wa dini yake kwa mashahidi wa namna ileile, hawezi kulalamika akiulizwa ni kipimo gani hasa anachotumia.