Je, wajua? Samaki wa baharini akichubuka anaweza kukaukiwa maji humo humo majini

Hapa Tanga ukiwa na kidonda kisichopona, hukosi mtu wa kukwambia nenda Raskazone kaoge maji ya bahari, kitakauka chenyewe. Sasa kitatange, yule samaki wa rangi wa baharini, akichubuliwa na wavu au akiumwa na mwenzie kwenye tangi la kioo la maji ya bahari, mwenye samaki anaona mgonjwa si yuko ndani ya dawa tayari, wengine wanamwongezea na chumvi kabisa. Na huo ushauri wa chumvi haukutoka hewani, wafugaji wa samaki wa maji baridi wanautumia na kwao unafanya kazi, ila ni kwa sababu samaki wa maji baridi tatizo lake ni maji kumwingia mwilini, chumvi kidogo inayapunguzia kasi. Wa baharini shida yake ni kinyume chake. Dawa ile ile, kwake inazidisha ugonjwa.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, damu ya samaki wengi wa humo ina kama theluthi tu ya hiyo, na maji siku zote huvutwa kwenda penye chumvi nyingi.

Mtazame mtu anayetengeneza ng'onda. Anampasua samaki, anamtia chumvi, na kabla hata hajamwanika juani maji yanaanza kuchuruzika, tena yanatoka zaidi pale alipopasua, upande wenye ngozi na magamba unachelewa. Basi samaki mzima wa baharini maisha yake yote anatiwa chumvi namna hiyo, tofauti ni kwamba hajapasuliwa, kavaa magamba na ute juu yake, halafu hakai kizembe: anakunywa maji ya bahari kutwa kucha, chumvi anaitoa kwa seli maalumu za kwenye matamvua, na mkojo anautoa kwa ubahili wa ajabu. Akibanduka magamba ubavuni, eneo la sarafu ya shilingi mia tu, ute umekwenda, nyama iko wazi, hapo ndo pale pa kisu cha ng'onda. Maji yanatoka, nguvu ya kuziba kidonda inaishia kwenye kusukuma chumvi nje.

Ndo maana kwenye karantini, yaani tangi la pembeni la kumtengea mgonjwa, wengi wanashusha chumvi mpaka gramu 20 na kitu kwa lita, taratibu, kwa maji ya bomba yaliyotolewa klorini. Hii haiui bakteria lakini, inampunguzia mzigo tu, kidonda kikianza kuoza au kikiota kama pamba bado dawa inahitajika. Na dawa ndo sababu ya kumtenga, maana zile zenye shaba kwa mfano zinaua kamba, konokono na matumbawe ya tangi kubwa. Tangi la karantini linakuwa tupu, kipande cha bomba la plastiki cha kujificha, mwanga hafifu, hewa ya kutosha, basi. Ubaya wake tangi jipya halina bado bakteria wa kula amonia, mtu anahangaika na kidonda kumbe samaki anaunguzwa matamvua na uchafu wake mwenyewe, kwa hiyo maji ya kubadilisha yawe tayari muda wote.

Kupandisha chumvi wakati wa kumrudisha ndo kuna hatari zaidi kuliko kushusha, gramu moja au mbili kwa lita kila siku zinatosha.

Papa na taa wao usiwafanyie hivi. Wanahifadhi urea, ile taka ambayo sisi tunaitoa na mkojo, kwenye damu mpaka ukolezi wa damu unalingana na wa bahari, hawakaushwi, na urea hiyo hiyo ikioza ndo inampa papa aliyechacha ile harufu kali ya amonia. Silikanti naye, yule samaki wa kale wa bahari ya kina, ambaye Tanga imemtengea hifadhi ya bahari tangu 2009, anatumia mbinu hiyo hiyo, ingawa huyo hakuna wa kumfuga kwenye kioo sebuleni.