Mawimbi ya uvutano ya kale, na yanavyoweza kufichua chembe mpya

Mawimbi ya uvutano ni mitikisiko ya nafasi na wakati vyenyewe. Mashimo meusi mawili (maumbo yenye uvutano mkali hata mwanga hauponyoki) yakizungukana kwa kasi, kwa mfano, nafasi hunyumbuka na kusinyaa kidogo mno, na mtikisiko huo husambaa kwa kasi ya mwanga. Albert Einstein aliyabashiri mwaka 1916. Mitambo ya LIGO ya Marekani iliyanasa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Karibu hakuna kinachoyazuia. Yanapita Kariakoo mchana kweupe, kwenye maghorofa na mikokoteni, na hayupo anayeyumba.

Huko kutozuilika ndiko kunakowavutia wanafizikia wa chembe, yaani vipande vidogo kabisa vya maada. Mwanga wa kale kuliko wote tunaoweza kuuona ulianza safari miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Kabla ya hapo ulimwengu ulikuwa ukungu wa moto, mwanga haupenyi. Mawimbi ya uvutano yalipenya.

Yangetoka wapi? Ulimwengu ulipokuwa haujatimiza hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, joto lilishuka hadi nyuzi trilioni elfu moja hivi, na uga wa Higgs, kitu kisichoonekana kilichotanda kila mahali, ukaanza kuzipa chembe uzito. Huenda mageuzi hayo yalikuja kwa viputo, kama maji ya chai yanavyochemka kwa mama ntilie wa Magomeni, ila huku yalitokana na kupoa. Viputo vikitanuka na kugongana, nafasi nayo hutikisika.

Hapa ndipo penye utamu. Chembe ya Higgs, inayotokana na uga huo, iligunduliwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 2012, na kwa uzito iliyo nao, nadharia tuliyonayo inasema mageuzi yalikuwa ya polepole, bila viputo. Basi mawimbi ya namna hiyo yakinaswa, kuna chembe au nguvu isiyomo katika nadharia yetu.

Chombo kinachosubiriwa ni LISA: setilaiti tatu zitakazoachana kilomita milioni 2.5, zinazopangwa kurushwa mwaka 2035. Mwaka 2023, waliokuwa wakipima midundo ya pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa midundo ya redio) walitangaza dalili za mvumo wa mawimbi marefu sana. Wapo waliokimbilia kuuhusisha na Mlipuko Mkuu. Mimi naona walijiharakisha, kwani jozi za mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi zinatosha kuueleza. Kutenganisha mvumo wa Mlipuko Mkuu na ule wa mashimo meusi ndiyo kazi ngumu iliyobaki.